Kontena Kuwa Hodhi la Samaki: Hesabu ya Kina cha Maji kwa Shule za Handeni na Korogwe

Katika miji mingi ya Tanzania, makontena ya chuma yaliyowahi kusafiri baharini yamepewa kazi ya pili. Mengine ni maduka, mengine maghala, mengine ofisi. Msafiri apitaye Segera kuelekea Korogwe, au akataye njia Mkata kwenda Handeni, hawezi kuliona kontena akalistaajabia. Limekwisha kuwa kitu cha kawaida kama bati na saruji. Ndiyo maana wazo la kulijaza kontena maji na kulifanya hodhi kubwa la samaki, lenye dirisha la kioo ambalo wanafunzi watatazamia viumbe wa majini, huonekana jepesi. Sanduku lipo, lina kuta za chuma, lina sakafu na milango. Kinachobaki, mtu angedhani, ni kufungua bomba.

Wazo hilo ni zuri, lakini si jepesi. Maji ni mzigo wa namna ya pekee, na kontena halikuundwa kwa ajili yake. Makala haya yanaeleza sayansi inayohusika katika kazi hiyo, ili mwalimu na wanafunzi wake waweze kuamua, kwa kalamu na karatasi kwanza, kabla ya kugusa chuma. Itaonekana kwamba maswali yote makubwa, yaani ya nguvu, ya uzito, ya hewa, ya joto na hata ya haki, yanategemea uamuzi mmoja tu: kina cha maji kiwe mita ngapi.

Kontena ni chombo cha namna gani?

Biashara ya makontena ya kisasa huhesabiwa kuanzia tarehe 26 Aprili 1956, wakati meli iitwayo Ideal X ilipotoka Newark kwenda Houston, nchini Marekani, ikiwa imechukua makontena 58. Mfanyabiashara Malcom McLean alikusudia kuondoa usumbufu wa kupakia mzigo gunia kwa gunia. Kuanzia mwaka 1968 vipimo vya makontena vilianza kulinganishwa duniani kote, na kwa sababu hiyo kontena la futi 20 lililoko Korogwe lina vipimo sawa na lililoko Mumbai.

Kontena la kawaida la futi 20 lina urefu wa ndani wa karibu mita 5.90, upana wa mita 2.35 na kimo cha mita 2.39. Likiwa tupu huwa na uzito wa tani 2.2 hivi. Nguvu zake ziko katika nguzo nne za pembeni; ndizo zinazobeba makontena mengine yanapopangwa moja juu ya jingine. Kuta zake ni bati la chuma lenye unene wa milimita 1.6 hadi 2 tu. Zimekunjwa migongo na mabonde, kama bati la kuezekea, ili zisipinde kwa urahisi. Milango yake ina kingo za mpira zilizowekwa kuzuia mvua isiingie ndani. Hazikuwekwa kuzuia maji yasitoke nje.

Gunia la mahindi lililowekwa sakafuni hukandamiza sakafu. Halisukumi ukuta kwa nguvu kubwa. Maji hukandamiza sakafu na kusukuma kuta zote kwa wakati mmoja, usiku na mchana, bila kupumzika. Hapo ndipo hesabu inapoanzia.

Kanieneo na kina

Kanieneo ya maji yaliyotulia hutegemea kina, wala haitegemei wingi wa maji. Katika kina cha mita 1, kanieneo itokanayo na maji ni karibu newtoni 10,000 kwa kila mita ya mraba. Katika mita 2 ni newtoni 20,000. Juu kabisa ya maji ni sifuri. Basi wastani wa kanieneo juu ya ukuta ni nusu ya ile iliyoko chini, na kani yote inayousukuma ukuta hupatikana kwa kuzidisha wastani huo kwa eneo la ukuta lililolowa.

Kwa kuwa milango haiwezi kuaminiwa, inafaa kujenga ndani ya kontena ukuta wa pili wa bati nene la chuma, lililochomelewa kwenye fremu ya engo, umbali wa sentimita 90 kutoka mlangoni. Nafasi hiyo itakuwa chumba kikavu cha pampu na vifaa. Sehemu ya maji itabaki na urefu wa mita 5.00 na upana wa mita 2.35, yaani eneo la mita za mraba 11.75. Sasa vilinganishwe vina vitatu:

Kina cha mita 0.6: ujazo wa maji ni mita za ujazo 7.05; kani juu ya ukuta mmoja mrefu ni newtoni 9,000.

Kina cha mita 1.2: ujazo ni mita za ujazo 14.1, kani ni newtoni 36,000.

Kina cha mita 2.0: ujazo ni mita za ujazo 23.5, kani ni newtoni 100,000.

Mwanafunzi aangalie vizuri mistari miwili ya kwanza. Kina kimeongezeka mara mbili, na maji yameongezeka mara mbili, lakini kani imeongezeka mara nne. Sababu ni kwamba kina huingia katika hesabu mara mbili: huongeza kanieneo, na huongeza pia eneo linalosukumwa. Kwa lugha ya fundi, maji ya mita 1.2 huusukuma ukuta mrefu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa mifuko 72 ya saruji ya kilo 50. Maji ya mita 2 huusukuma kwa nguvu ya mifuko 200. Ukuta wa milimita 2 unaosukumwa hivyo mwaka mzima hutuna, na ukituna, viungo vya dirisha hufunguka.

Kani hiyo yote hufanya kazi kana kwamba imekusanyika katika theluthi ya kina, kuhesabia kutoka chini. Kwa maji ya mita 1.2 mahali hapo ni sentimita 40 juu ya sakafu. Huko ndiko mkanda wa chuma wa kuuzunguka ukuta kwa nje unakohitajiwa zaidi, wala si juu ambako jicho hupenda kuuona.

Uzito na msingi

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hivyo mita za ujazo 14.1 ni tani 14.1. Makontena mengi ya zamani ya futi 20 yaliruhusiwa kuwa na uzito wa jumla wa tani 24, yaani mzigo wa tani 21 na kitu. Idadi kamili huandikwa mlangoni, na kibati cha usalama kinachotakiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 huonyesha uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Kina cha mita 1.2 kimo ndani ya mpaka huo. Kina cha mita 2, chenye tani 23.5, hakimo. Kontena lote likijazwa hadi darini litachukua karibu tani 33, uzito unaozidi mzigo wa kontena lolote la kawaida la ukubwa huo. Tena ikumbukwe kwamba kontena la mitumba limekwisha kutu hapa na pale. Namba ya mlangoni iliandikwa lilipokuwa jipya.

Maji, kontena, bati la ndani na dirisha pamoja vitakuwa tani 17 hivi. Kontena hukalia pembe zake nne, na kila pembe ina kipande cha chuma kinene chenye upana wa kiganja. Wastani kwa kila pembe ni tani 4.25, lakini kwa kuwa maji yako zaidi upande usio na mlango, pembe mbili za upande huo hubeba karibu tani 4.7 kila moja. Uzito huo ukiwekwa moja kwa moja juu ya udongo, pembe zitazama kama kisigino cha kiatu chembamba katika matope. Kila pembe yataka msingi wa zege, tuseme wa sentimita 80 kwa 80. Hapo udongo utapokea karibu newtoni 73,000 kwa mita ya mraba. Udongo mgumu wa changarawe huweza kuupokea mzigo huo. Udongo mweusi wa mbugani, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hauaminiki. Mahali penye udongo wa namna hiyo ni lazima kuchimba hadi kwenye tabaka gumu na kumwita mhandisi wa wilaya kukagua.

Dirisha

Ichukuliwe kwamba dirisha lina urefu wa mita 1.2 na kimo cha mita 0.6, na kwamba ukingo wake wa juu uko sentimita 30 chini ya uso wa maji. Kina cha katikati ya kioo ni mita 0.6. Kanieneo ya wastani ni newtoni 6,000 kwa mita ya mraba, na eneo ni mita za mraba 0.72, kwa hiyo kani ni newtoni 4,320. Ni sawa na watu wazima sita au saba kukilalia kioo hicho bila kuondoka.

Kioo cha dirisha la nyumba, chenye milimita 4 au 6, hakifai hata kidogo. Mkazo ndani ya kioo hupungua mara nne pale unene unapoongezeka mara mbili, na wajenzi wa mahodhi ya vioo hupenda kuacha ziada ya usalama inayokaribia mara nne. Kwa dirisha la ukubwa huu hesabu huelekeza kwenye kioo cha milimita 19. Kikiwa adimu, dawa ni kupunguza dirisha, si kupunguza unene. Madirisha mawili madogo ni salama kuliko moja kubwa, tena hukata migongo michache ya ukuta. Kila tundu linalokatwa katika ukuta wa kontena huondoa sehemu ya nguvu zake, na ni lazima lizungushiwe fremu ya engo iliyochomelewa kabla kioo hakijawekwa. Kioo kikae upande wa ndani wa fremu, ili maji yenyewe yakibane, wala yasikisukume kitoke.

Gundi ya silikoni hutumika kuziba. Iliyo salama ni ile ya kawaida isiyotiwa dawa ya kuua kuvu. Inapokauka hutoa harufu ya siki. Maji yasiingizwe hadi harufu hiyo itoweke kabisa, jambo linaloweza kuchukua wiki nzima.

Sumu iliyofichika

Sakafu ya kontena aghalabu ni plaiwudi ya milimita 28 iliyotiwa dawa ya kuua wadudu, ili mchwa na bungo wasisafirishwe kutoka nchi hadi nchi. Dawa hiyo haikukusudiwa kukutana na samaki. Chuma chenyewe kina shaba kidogo kilichochanganywa ili kupunguza kutu, na rangi ya ndani ina zinki. Shaba na zinki huwadhuru samaki hata zikiwa kidogo sana, hasa katika maji laini kama ya mvua. Isitoshe, hakuna ajuaye kontena lilibeba nini kabla ya kuuzwa.

Kwa hiyo maji yasiguse kontena. Baada ya kusafisha, sakafu na kuta hufunikwa kwa mbao laini au magodoro membamba, kisha huwekwa bitana ya mpira au ya plastiki nene isiyopitisha maji, ya aina itumikayo kwa maji ya kunywa au mabwawa ya samaki. Bitana hiyo humlinda samaki dhidi ya chuma, na hukilinda chuma dhidi ya maji. Kontena sasa si hodhi tena. Ni mifupa ya hodhi.

Maji yatoke wapi?

Hapa Korogwe na Handeni zinaachana. Korogwe iko kando ya mto Pangani, ambao huleta maji ya Kilimanjaro na Meru, na kuyapokea njiani ya milima ya Pare na Usambara. Handeni iko juu zaidi, mbali na mto huo, na kiu yake inajulikana. Katika miaka ya 1970 lilijengwa bomba kuu lijulikanalo kwa kifupi kama HTM, la kuyasukuma maji ya Pangani kutoka Korogwe hadi Handeni. Katika miaka ya karibuni wilaya hizo zimeingizwa katika mradi mkubwa wa maji wa miji 28, ambao chanzo chake kwa upande huu ni mto huo huo.

Lita 14,100 ni ndoo 705 za lita 20. Mwalimu wa Handeni asiandike ujazo kwa mita peke yake. Auandike pia kwa ndoo, kwa kuwa wanafunzi wake, hasa wasichana, wanaijua ndoo kwa shingo zao. Kuyapandisha maji hayo mita 300 tu, bila kuhesabu msuguano ndani ya mabomba, huhitaji megajuli 42.3, yaani karibu uniti 12 za umeme. Kuyachota maji ya watu kwa ajili ya samaki wa kutazamwa, mahali ambapo mama hungoja foleni kisimani, si sayansi njema.

Lakini shule ina paa. Paa la bati lenye eneo la mita za mraba 200, likikusanya sehemu nane katika kumi za mvua, hulijaza hodhi hili kwa milimita 88 za mvua. Kiasi hicho chaweza kupatikana katika msimu mmoja wa masika au wa vuli, ilimradi mifereji ya paa iwe mizima. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, kwa kuwa huosha vumbi, vinyesi vya ndege na zinki ya bati.

Mvukizo nao uhesabiwe. Ikiwa jua na upepo huondoa milimita 5 kwa siku, hodhi hupoteza lita 59 hivi kila siku, karibu ndoo tatu. Kwa kiangazi cha siku 90 hiyo ni zaidi ya lita 5,200. Paa la makuti au nyasi juu ya hodhi hupunguza hasara hiyo. Maji machafu yatolewayo hodhini yasimwagwe ovyo. Yana mbolea, na bustani ya mchicha itayapokea kwa furaha. Hodhi linaloendeshwa hivyo haliwanyang'anyi watu maji. Huwa ghala ambalo samaki wamo ndani yake.

Hewa na joto

Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini, nayo si nyingi. Maji baridi yasiyo na chumvi, yakiwa na nyuzi 25 za Sentigredi, hushika miligramu 8.3 tu za oksijeni katika lita. Yakifika nyuzi 30, hushika miligramu 7.6. Saa ambayo samaki huhitaji hewa zaidi, yaani wakati wa joto, ndiyo saa ambayo maji yana hewa kidogo.

Kina kinahusika tena. Oksijeni huingia kwa kupitia uso wa maji, na uso huu ni mita za mraba 11.75 tu, maji yawe mengi au machache. Maji marefu yaliyotulia huwa na tabaka la chini lisilopata hewa. Maji mafupi nayo yana hasara yake: kwa kiasi kilekile cha jua, maji ya sentimita 60 hupanda joto mara mbili zaidi ya yale ya mita 1.2, na usiku hupoa upesi vilevile. Perege hustawi kati ya nyuzi 25 na 32, lakini hawapendi kurushwa huku na huko kila siku. Kina cha mita 1.2 ni mapatano mazuri kati ya hasara hizo mbili. Zaidi ya hayo kontena liwekwe kivulini, kwa kuwa chuma kilichopigwa na jua la Februari huwa kama jiko.

Pampu ndogo ya wati 60 ikifanya kazi mchana na usiku hutumia uniti 1.44 kwa siku. Umeme na maji ni majirani hatari: kontena lote liunganishwe na waya wa ardhini, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme aliyesajiliwa. Kwa sababu umeme hukatika, idadi ya samaki iwe ile inayoweza kuishi bila pampu. Samaki wawili kwa kila mita ya mraba ya uso wa maji, yaani 23 kwa hodhi hili, ni kiasi cha busara.

Watumishi wasioonekana

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, yaani viungo vyake vya kupumulia. Amonia ni sumu. Katika hodhi lililokomaa, kundi la kwanza la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa, na ambayo mwani na mimea huila. Mwanasayansi Sergei Winogradsky alizieleza kazi za bakteria hao karibu na mwaka 1890.

Bakteria hao hukaa juu ya kokoto za chujio, ambalo huweza kuwa pipa la plastiki lililojaa kokoto safi. Huchukua wiki nne hadi sita kuenea. Hodhi jipya linalojazwa samaki wengi siku ya kwanza huwaua, na watu husema wamerogwa au maji ni mabaya. Samaki watano waingizwe kwanza, wengine wafuate baada ya mwezi mmoja na nusu.

Ukali wa amonia hutegemea pH. Katika nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo kali haifiki asilimia 1. pH ikiwa 8 ni asilimia 5 hivi. pH ikiwa 9 hufika asilimia 36. Mwani mwingi katika jua la mchana huipandisha pH. Kwa upande mwingine, kazi ya bakteria huzalisha asidi, na maji ya mvua hayana cha kuizuia. Vipande vya mawe ya chokaa, ambayo mkoa wa Tanga umejaliwa kuwa nayo, huwekwa ndani ya chujio kurekebisha hali hiyo.

Samaki gani?

Watu wa Korogwe wana sababu ya pekee ya kulijibu swali hili vizuri. Mwaka 1949 majaribio ya kufuga perege katika Tanganyika yalianza Korogwe, na pia Malya katika mkoa wa Mwanza. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe, aliyekuwa amefanya kazi katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika ya Mashariki huko Jinja, alitangaza aina mpya za perege wa mto Pangani na ziwa Jipe. Mmoja wao hata leo anaitwa katika vitabu vyote vya dunia Oreochromis korogwe.

Sato wa Viktoria na wa mabwawa, Oreochromis niloticus, hukua upesi na hupendwa na wafugaji. Lakini amekwisha kusambazwa katika mito mingi ya Tanzania ambako hakuwako, na hujamiiana na perege wa asili hata uzao wao ukachanganyika. Samaki aliyechanganyika hatenganishwi tena. Hodhi la shule lina nafasi ya kufanya kinyume: kuwaonyesha vijana perege wa mto wao wenyewe, umbo lake, rangi za dume wakati wa kuzaana, na jinsi jike anavyoyatunza mayai kinywani. Samaki wapatikane kwa kumshirikisha Afisa Uvuvi wa Wilaya, na samaki yeyote wa hodhini asiachiwe mtoni kamwe. Konokono na magugu ya mtoni visiletwe, kwa sababu baadhi ya konokono hao hueneza kichocho.

Samaki 23 wenye gramu 150 kila mmoja wana uzito wa kilo 3.45. Chakula cha asilimia 3 kwa siku ni gramu 104 za pumba na unga wa dagaa. Kinachobaki bila kuliwa baada ya robo saa ni uchafu.

Kujaribu kabla ya kuamini

Hodhi lisijazwe kwa siku moja. Maji yaingizwe sentimita 30, kisha yaachwe siku nzima. Uzi uvutwe kwa nje kutoka pembe hadi pembe ya ukuta, na umbali kati ya uzi na katikati ya ukuta upimwe na kuandikwa. Baada ya hapo sentimita 30 nyingine. Ikiwa ukuta unaendelea kusogea hata baada ya maji kuacha kuongezwa, au msingi mmoja umeshuka, maji yatolewe na kosa litafutwe. Wanafunzi wasisimame mbele ya kioo wakati wa majaribio hayo.

Baada ya mwaka 1949 maelfu ya mabwawa ya samaki yalichimbwa nchini, lakini mengi hayakudumu. Utunzaji ulikuwa hafifu, na mengine yalikaushwa na kiangazi. Kuchimba bwawa ni kazi ya wiki. Kulitunza ni kazi ya miaka. Kontena nalo litakuwa hivyo hivyo. Shule isiyoweza kutaja ni nani atawalisha samaki wakati wa likizo ya Desemba, haijawa tayari kuchomelea engo ya kwanza. Lakini ile iliyofanya hesabu hizi, ikachagua kina kwa sababu zinazoelezeka, na ikaandika zamu za utunzaji, itakuwa imepata somo la fizikia, la kemia na la biolojia ndani ya sanduku moja, hata kama hesabu zenyewe zitawaonyesha kwamba mahali pao panafaa hodhi dogo zaidi.

Mazoezi

1. Hodhi lenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 2.35 lina maji ya kina cha mita 0.9. Tafuta ujazo wa maji, idadi ya ndoo za lita 20, na kani juu ya ukuta mmoja mrefu.

2. Pima paa la darasa lako. Kwa kuchukulia kwamba sehemu nane katika kumi za mvua hukusanywa, tafuta milimita za mvua zinazohitajiwa kulijaza hodhi la swali la kwanza.

3. Weka maji katika beseni lenye pande zilizonyooka, kivulini na juani, kwa siku saba. Pima kila siku upungufu wa kina kwa milimita. Je, kivuli kimeokoa ndoo ngapi kwa hodhi la mita za mraba 11.75 katika siku 90?

4. Toboa chupa ya plastiki matundu matatu katika vimo mbalimbali, ijaze maji, na uangalie maji yarukavyo. Eleza uhusiano wa jambo hilo na mahali panapofaa mkanda wa chuma wa hodhi.

Majibu ya swali la kwanza: mita za ujazo 10.6, ndoo 529, newtoni 20,250.